Kuhamia Ujerumani na kuanzisha biashara ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaokwama Ujerumani hawakwami kwa kukosa mtaji. Hukwama kwa kufuata mlolongo kinyume: wanafungua biashara kabla ya kusoma kibali, au wanaagiza mzigo kabla ya kuwa na namba ya forodha. Kila karatasi huko inazaliwa na karatasi iliyoitangulia, na majibu haya yanafuata mpangilio huohuo. Majina ya ofisi na fomu tumeyaacha kwa Kijerumani, kwa sababu ndiyo utakayoyaona mlangoni na kwenye bahasha.

## Wiki za mwanzo

1. Nimefika. Nianzie wapi?

Anzia kwenye anwani. Sheria inakupa wiki mbili tangu siku unayohamia kwenye nyumba ili ujisajili kwa Bürgeramt, ofisi ya wakazi. Usajili huo ndio Anmeldung. Nenda na pasipoti yenye viza, fomu ya usajili na Wohnungsgeberbestätigung, yaani karatasi ambayo mwenye nyumba anathibitisha kwa saini kuwa umehamia. Mkataba wa pango peke yake haukubaliki, na hapa ndipo wengi hurudishwa. Ukimaliza unapewa Meldebescheinigung. Itunze, maana benki na ofisi ya biashara zote zinaweza kuiomba.

Katika miji mikubwa tatizo ni miadi. Berlin, kwa mfano, unaweza kwenda Bürgeramt yoyote ya mji, si lazima ya mtaa wako, na nafasi zilizofutwa na wengine hurudi kwenye mfumo asubuhi. Ukipata tarehe iliyo nje ya wiki mbili, chapisha uthibitisho wa miadi pamoja na siku uliyoiomba, ili uonyeshe kuwa hukuzembea.

Usinunue anwani. Kuna watu wanauza usajili kwenye nyumba ambayo hutakaa. Anayetoa anwani ya namna hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000, na wewe barua zako zote zitakwenda kwa mtu usiyemjua.

2. Kwa nini barua zangu hazifiki?

Kwa sababu jina lako haliko kwenye sanduku la barua. Mwenye posta wa Ujerumani hatafuti namba ya chumba wala hamuulizi jirani. Anasoma jina la ukoo lililobandikwa, na asipoliona anairudisha bahasha ilikotoka. Ukipanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, bandika jina lako chini ya lake siku hiyohiyo ya kuhamia, sandukuni na kwenye kengele. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti: akiitwa Juma Hamisi Salum kwenye usajili na sanduku likasema “Juma H.”, barua ya Salum itarudi.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka uhesabu vinavyokuja kwa posta tu: namba ya kodi, kadi ya benki na namba yake ya siri, kadi ya bima, msimbo wa kufungulia mfumo wa kodi (swali la 10).

Ogopa zaidi bahasha ya manjano. Hiyo ni barua rasmi ya mahakama au ya ofisi ya serikali, na mleta barua huandika juu ya bahasha tarehe aliyoiacha. Muda wa kukata rufaa unaanza kuhesabiwa siku hiyo, hata kama ulikuwa safarini. Usiitupe bahasha yenyewe.

3. Namba za kodi ziko ngapi, na ipi ni ipi?

*Steuer-ID* ina tarakimu 11, inakuja yenyewe kwa posta wiki chache baada ya Anmeldung, na ni yako maisha yote. Mwajiri na benki wanataka hii.

*Steuernummer* inatolewa na Finanzamt, ofisi ya kodi ya eneo lako, baada ya kusajili biashara. Ukihamia eneo la Finanzamt nyingine, inabadilika.

*USt-IdNr.* inaanza na DE ikifuatiwa na tarakimu 9, na ni ya kufanya biashara na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Tangu Novemba 2024 kuna pia *W-IdNr.*, namba ya utambulisho wa biashara, ambayo inatolewa hatua kwa hatua bila kuiomba.

4. Naweza kupanga nyumba bila historia yoyote ya mikopo?

Unaweza, ila utahangaika. Wenye nyumba huomba taarifa ya SCHUFA, kampuni inayotunza rekodi za mikopo na madeni ya watu, na aliyefika juzi hana kitu humo. Kinachosaidia ni kuonyesha pesa kwenye akaunti, barua ya mwajiri au ya chuo, au mdhamini. Wengi huanza na chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya mtu.

Amana haiwezi kuzidi pango la miezi mitatu bila gharama za huduma, na unaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Mtu anayetaka amana itumwe kabla hujaiona nyumba, eti yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa kifurushi, ni tapeli.

## Kibali kwanza, duka baadaye

5. Nitajuaje kama kibali changu kinaruhusu biashara?

Soma maneno yaliyo kwenye kadi, au kwenye karatasi ya kijani iliyoambatanishwa, Zusatzblatt. Neno moja linatosha kubadilisha kila kitu:

- “Erwerbstätigkeit erlaubt” au “gestattet”: unaruhusiwa kuajiriwa na kujiajiri.
- “Beschäftigung erlaubt”: kuajiriwa tu.
- “Selbständige Tätigkeit nicht gestattet”: biashara hapana.

Mwenye kibali cha kudumu, na kwa kawaida aliyekuja kuungana na mwenzi wake wa ndoa, yumo kwenye kundi la kwanza.

Mtego ni kwamba ofisi ya kusajili biashara huweza kukupokea na kukupa cheti bila kukagua kibali kwa makini. Cheti hicho hakikulindi. Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, ndiyo itakayouliza siku ya kuongeza muda wa kibali.

6. Mimi ni mwanafunzi. Je, naweza kuuza vitu pembeni?

Siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka unazozisikia ni za kuajiriwa. Kujiajiri kunahitaji ruhusa ya Ausländerbehörde, na inatolewa kabla ya kuanza. Peleka maelezo mafupi: unafanya nini, saa ngapi kwa wiki, na kwa nini hakutavuruga masomo. Kusuka nywele bwenini kwa malipo, kuuza vikoi mtandaoni, kutafsiri kwa ankara: vyote vinahesabika kuwa kujiajiri hata kama pesa ni ndogo.

Ukishahitimu chuo cha Ujerumani mambo yanalegea. Aya ya 21 ya sheria ya ukaazi inaruhusu upewe kibali cha kujiajiri bila vile vigezo vigumu vya swali la 7, mradi biashara ihusiane na ulichosomea.

7. Kibali cha kujiajiri kinataka nini?

Kwa biashara ya kawaida ofisi inapima mambo matatu: kama kuna uhitaji wa biashara hiyo katika eneo, kama itanufaisha uchumi, na kama mtaji upo tayari, uwe wako au mkopo uliokwisha kubaliwa. Chemba ya biashara ya eneo huombwa maoni. Mwenye umri unaozidi miaka 45 huulizwa pia ana akiba gani ya uzeeni.

Maombi mengi huangukia kwenye mpango wa biashara. “Nitafungua duka la bidhaa za Afrika” haitoshi. Andika eneo, wateja ni kina nani, umeshazungumza na nani, gharama za kila mwezi kwa miezi 12, na mwezi gani unatarajia mapato yazidi matumizi. Barua mbili tatu za wateja wanaosema watanunua zina uzito kuliko kurasa kumi za matumaini. Kibali cha kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3, na biashara ikisimama unaweza kuomba cha kudumu.

Wenye taaluma huru (swali la 8) wana njia nyepesi zaidi ndani ya aya hiyohiyo.

## Kusajili na kodi

8. Nini tofauti ya Gewerbe na Freiberufler?

Freiberufler ni mtu wa taaluma huru: mfasiri, mwalimu, mwandishi wa habari, msanii, mhandisi, daktari. Huyu hasajili biashara kwa Gewerbeamt, ofisi ya kusajili biashara. Anakwenda moja kwa moja Finanzamt.

Wengine wote ni Gewerbe: duka, chakula, usafi, ushonaji, usafirishaji, saluni, kuuza mtandaoni. Ukifanya vyote viwili, kwa mfano unafundisha Kiswahili na unauza vitabu, vitenganishe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Anayeamua mwishowe ni Finanzamt, si wewe.

9. Gewerbeanmeldung, yaani kusajili biashara, inafanyikaje?

Fomu yake inaitwa GewA 1, na miji mingi sasa inaipokea mtandaoni. Unahitaji kitambulisho, kibali, anwani na ada, ambayo kwa kawaida iko kati ya euro 15 na 60 kutegemea mji.

Sehemu ya kuitulizia akili ni ile ya kueleza shughuli. Ukiandika “Handel”, yaani biashara, tu, karani atakurudishia. Ukijaza kila wazo lililowahi kukujia, unaweza kugusa kazi zinazohitaji leseni na kujichelewesha bure. Andika kwa kipimo: “Onlinehandel mit Textilien und Modeschmuck”, yaani kuuza mtandaoni nguo na mapambo, inatosha kwa muuza kanga na shanga. Ukiongeza shughuli baadaye, kuna fomu ya mabadiliko.

Gewerbeamt itazipelekea taarifa Finanzamt na chemba ya biashara (IHK) au ya mafundi (HWK). Uanachama wa chemba ni wa lazima, lakini mtu binafsi asiye kwenye daftari la makampuni, na ambaye faida yake haizidi euro 5,200 kwa mwaka, halipi michango ya IHK. Kitu ambacho watu husahau ni kujiandikisha kwa Berufsgenossenschaft, bima ya ajali kazini, ndani ya wiki moja, hata kama huna mfanyakazi.

Kisha andaa macho. Siku chache baadaye zitaanza kuja barua zenye nembo ya tai, karatasi ya kijivu na maneno kama “Gewerberegister” au “Zentrale Erfassung”, zikidai mamia ya euro. Nyingi ni matangazo ya kampuni binafsi yaliyovishwa joho la serikali. Soma maandishi madogo: ukiona “Angebot”, yaani ofa, hudaiwi chochote, na ukisaini umenunua mkataba.

10. Fomu ya Finanzamt ni ngumu. Kosa kubwa ni lipi?

Inaitwa Fragebogen zur steuerlichen Erfassung, na inajazwa kupitia ELSTER, mfumo wa bure wa mamlaka ya kodi, ndani ya mwezi mmoja tangu kuanza. Fungua akaunti ya ELSTER mapema, kwa sababu sehemu ya msimbo wa kuiwasha inakuja kwa posta (rudi swali la 2).

Kosa kubwa ni kujisifu kwenye makisio ya faida. Ukiandika utapata faida ya euro 40,000 mwaka wa kwanza, Finanzamt inakuamini na kukupangia malipo ya awali ya kodi ya mapato, kila tarehe 10 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara haijauza kitu, nawe unadaiwa. Kisia kwa uaminifu, upande wa chini. Kwa mwaka 2026, euro 12,348 za kwanza za mapato ya mtu mmoja hazitozwi kodi ya mapato. Makisio yakikosewa, barua fupi yenye hesabu mpya inatosha kuomba yapunguzwe.

11. Kleinunternehmer ni nini, na inanifaa?

Ni utaratibu unaomruhusu mfanyabiashara mdogo asitoze VAT. Tangu tarehe 1 Januari 2025 masharti ni mauzo yasiyozidi euro 25,000 mwaka uliopita, na yasiyozidi 100,000 mwaka huu. Ukivuka 100,000 katikati ya mwaka, ruhusa inakoma hapohapo, kuanzia mauzo yaliyovusha. Kwa mwaka wa kwanza kabisa wa biashara kikomo ni 25,000, nacho kinafanya kazi vivyo hivyo. Wanaosoma maelezo ya zamani bado wanataja 22,000 na 50,000. Hayo yamepita.

Inamfaa anayeuza kwa watu wa kawaida na ambaye gharama zake ni ndogo, kama msusi au mwalimu. Haimfai sana anayeagiza bidhaa nyingi, kwa sababu asiyetoza VAT harudishiwi ile aliyolipa, ikiwemo ya forodha (swali la 15). Fanya hesabu kwa mfano wako mwenyewe: mzigo wa euro 5,000 bandarini una VAT ya asilimia 19, yaani euro 950. Mwenye mfumo wa kawaida anazirudisha. Kleinunternehmer anazimeza.

12. Ankara iwe na nini, na nitunze karatasi kwa muda gani?

Jina kamili na anwani yako na ya mteja, Steuernummer, tarehe, namba inayofuatana isiyojirudia, maelezo ya kazi au bidhaa, tarehe ya kufanya kazi au kukabidhi bidhaa, na kiasi. Kleinunternehmer anaongeza sentensi inayotaja kuwa hatozi VAT kwa mujibu wa aya ya 19 ya UStG, sheria ya VAT, na haandiki kiwango chochote cha VAT. Ukikosea ukaandika asilimia 19, unadaiwa kodi ambayo hukupaswa kuitoza.

Ankara na risiti zinatunzwa miaka 8, vitabu vya hesabu miaka 10. Risiti za karatasi laini hufutika zikikaa juani. Zipige picha siku hiyohiyo.

Si lazima kununua mashine ya kuuzia. Kisanduku cha fedha kinaruhusiwa, ila kila jioni unahesabu na kuandika karatasi ya siku: kilichokuwemo asubuhi, kilichotoka, kilichobaki. Ukichagua mashine ya kielektroniki, lazima iwe na kifaa cha usalama kinachoitwa TSE na itoe risiti kwa kila mteja.

13. Nifungue kampuni badala ya kuwa peke yangu?

Kwa wengi, bado. GmbH, kampuni yenye dhima yenye ukomo, inataka mtaji wa euro 25,000. UG, aina yake ndogo, unaweza kuianza hata kwa euro 1, lakini zote mbili zinahitaji mthibitishaji, daftari la makampuni na hesabu kamili za mwaka, ambazo kwa kawaida utamlipa mhasibu. Sababu ya kweli ya kuifungua ni hatari: ukiharibu mali ya mteja ya maelfu mengi, mtu binafsi anajibu kwa kila alicho nacho.

## Biashara ambazo watu huuliza zaidi

14. Nasuka nywele. Nahitaji cheti?

Kazi ya kinyozi na mtengeneza nywele, Friseur, imo kwenye orodha ya kazi zinazohitaji Meister, fundi aliyefuzu ngazi ya juu. Kuosha, kukata, kupaka rangi na kutia dawa za kulainisha ni humo. Kusuka bila hayo ni eneo ambalo chemba za mafundi hulitazama kwa macho tofauti, kwa hiyo iandikie HWK ya eneo lako, eleza hatua kwa hatua unachofanya na usichofanya, na uombe jibu la maandishi. Neno la simu halitakusaidia mkaguzi akija. Kufanya kazi hizo bila usajili kunaweza kuleta faini ya hadi euro 50,000.

Njia halali za kupita zipo: kumwajiri Meister awe msimamizi wa kiufundi, au kuomba ruhusa maalumu kwa uzoefu uliothibitishwa. Fundi cherehani wa kurekebisha nguo na mtu wa urembo wa ngozi wana nafuu. Wanajiandikisha HWK bila Meister.

15. Nataka kuleta bidhaa kutoka nyumbani. Nianzie wapi?

Omba namba ya EORI kutoka Zoll, mamlaka ya forodha. Ni bure, na bila hiyo mzigo wa biashara hautoki. Ile nafuu ya msafiri wa ndege, bidhaa za hadi euro 430, ni ya matumizi binafsi. Sanduku lenye vitenge 40 vinavyofanana halimdanganyi mtu.

Halafu uliza asili ya bidhaa, si mahali uliponunua. Bidhaa zenye asili ya Tanzania huingia bila ushuru kwa mpango wa nchi zenye maendeleo duni, na za Kenya kwa mkataba wa ushirikiano ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, mradi uwe na tamko la asili kwenye nyaraka. Lakini kanga iliyochapishwa India ikanunuliwa Kariakoo ni ya India. Muuzaji akikuandikia kuwa ni ya Tanzania, aliyeagiza, yaani wewe, ndiye atakayedaiwa ushuru. VAT ya kuingiza inalipwa hata pale ushuru ni sifuri.

Nguo lazima ziwe na lebo ya Kijerumani inayotaja nyuzi: “100 % Baumwolle” kwa pamba. Nyama na maziwa usijaribu. Matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, ndizi, nazi, tende na dorian. Vipodozi vinahitaji mtu anayewajibika aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya na usajili wa bidhaa kabla ya kuuzwa. Krimu za kung'arisha ngozi zenye haidrokwinoni haziruhusiwi kabisa.

16. Na chakula? Naweza kupika mandazi nyumbani nikauza?

Sheria haikatazi jiko la nyumbani moja kwa moja, ila lazima uisajili kwa ofisi ya ukaguzi wa chakula kabla ya kuanza, na mkaguzi ataangalia kama inafaa: meza zinazooshika, mahali pa kunawa mikono tofauti na pa kuoshea vyombo, unga wa biashara uliotengwa na wa familia, na paka asiyeingia. Wengi hushindwa hapo na kukodi jiko la saa.

Kila anayegusa chakula anahitaji mafunzo mafupi ya Gesundheitsamt, ofisi ya afya, kwa mujibu wa aya ya 43 ya sheria ya magonjwa ya kuambukiza. Cheti kisizidi miezi 3 siku unayoanza kazi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo usikichukue mapema mno.

Vizio vya mzio vinavyotakiwa kutajwa ni 14. Kwenye meza ya Mswahili hukosi vitatu vinne: ngano ya mandazi, karanga, ufuta, samaki, maziwa. Andika ubao. Kwenye tamasha, muulize mwandaaji kama soko lake limesajiliwa rasmi, yaani “festgesetzt”. Lisiposajiliwa, huenda ukahitaji kadi ya biashara ya kutembea, Reisegewerbekarte.

17. Nauza mtandaoni tu. Kuna lolote la ziada?

Mambo matatu. Ukurasa wako unahitaji Impressum, yaani jina, anwani halisi na mawasiliano. Sanduku la posta halitoshi. Pili, mnunuzi wa kawaida ana siku 14 za kurudisha bidhaa, na usipomweleza haki hiyo ipasavyo, muda wake unarefuka. Tatu, na hili ndilo linalonasa wageni: kila anayetuma vifurushi lazima ajisajili kwenye LUCID, daftari la vifungashio, na alipie mkataba wa kuchakata. Hakuna kiwango cha chini. Bahasha kumi kwa mwaka zinatosha kukuhusisha.

18. Nina mteja mmoja tu. Ni kosa?

Si kosa lenyewe, ila ni dalili ya kile kinachoitwa Scheinselbständigkeit, ajira iliyovaa nguo za biashara. Kama mteja anakupangia saa, anakupa sare na gari, na huruhusiwi kumtuma mwingine, wewe ni mwajiriwa. Inawapata sana wasafirisha vifurushi na wasafishaji. Bima ya pensheni ya taifa huweza kutoa uamuzi ukiomba.

## Bima, benki na maisha ya kila siku

19. Bima ya afya kwa aliyejiajiri ni kiasi gani?

Bima ni lazima, na aliyejiajiri analipa mwenyewe sehemu zote. Kwenye bima ya umma, mwenye kipato kidogo hulipa kiwango cha chini cha yapata euro 250 hadi 290 kwa mwezi mwaka 2026, bima ya uuguzi ikiwemo. Usipotuma maelezo ya kipato, wanakuhesabia kiwango cha juu, ambacho kinazidi euro 1,000. Fomu ile usiiweke chini ya godoro.

Kama umo kwenye bima ya mwenzi wako, kipato chako kisizidi euro 565 kwa mwezi (2026), na biashara isiwe kazi yako kuu. Bima za bei nafuu za wasafiri zinaweza kukufikisha kwenye viza, lakini mara nyingi hazikubaliki kwa kuongeza kibali.

20. Naweza kutumia akaunti yangu ya kawaida?

Kisheria mtu binafsi anaweza. Mikataba ya benki nyingi ndiyo inayokataza, na benki ikigundua inaweza kuifunga. Fungua ya pili ya biashara. Ukikataliwa akaunti ya kuishi, una haki ya Basiskonto, lakini hiyo ni ya mtumiaji binafsi, si ya biashara.

21. Nikifanyia biashara nyumbani, mwenye nyumba ana usemi?

Kazi ya mezani isiyoonekana wala kusikika nje, hapana. Wateja wakipanda ngazi kila siku, au cherehani ikilia usiku, ndiyo, na omba ruhusa kwa maandishi. Kimya cha usiku huanza saa 4, na Jumapili ni kimya mchana kutwa. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hulipwa mara moja kwa nyumba. Ofisi iliyo ndani ya nyumba hiyo haiongezewi.

22. Leseni yangu ya udereva itafanya kazi?

Kwa miezi 6 tangu kuhamia, pamoja na tafsiri. Leseni za Kenya na Tanzania hazibadilishwi moja kwa moja, hivyo utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Nadharia inapatikana kwa lugha 12 za kigeni zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Kuendesha mzigo wa biashara baada ya miezi hiyo 6 ni sawa na kuendesha bila leseni, na bima ya gari inaweza kukudai ilicholipa.

## Yaliyopinda

23. Nilianza kuuza kabla ya kusajili. Nifanyeje?

Sajili sasa, na uandike tarehe ya kweli ya kuanza. Kuchelewa kwa Gewerbe kunaweza kuleta faini ya hadi euro 1,000, ingawa anayejitokeza mwenyewe mara nyingi hutozwa kidogo. Kudanganya tarehe ndiko kunakogeuza uzembe kuwa kesi, hasa pale picha za matangazo zimejaa kwenye simu za wateja tangu mwaka jana. Kama kibali hakikuruhusu biashara (swali la 5), muone mwanasheria kabla ya kujaza fomu yoyote.

24. Sijauza kitu mwaka mzima. Bado nitume hesabu?

Ndiyo, hata za sifuri. Asiyetumia mhasibu huwasilisha kufikia tarehe 31 Julai ya mwaka unaofuata. Usipotuma, Finanzamt inakukadiria yenyewe, na haikadirii chini. Ukiacha biashara, ifute kwa Gewerbeabmeldung kisha uiarifu Finanzamt na bima.

25. Kibali kinaisha na miadi haipatikani.

Omba kuongezewa kabla ya tarehe ya mwisho kufika, mtandaoni au kwa barua ya rejista, na utunze uthibitisho. Ombi lililofika kwa wakati linakibeba kibali cha zamani pamoja na masharti yake mpaka uamuzi utoke, na unaweza kudai Fiktionsbescheinigung kama ushahidi kwa benki au mteja. Ambatanisha hesabu za mwaka, hati ya mwisho ya kodi, uthibitisho wa bima na ankara za miezi mitatu. Kusafiri na Fiktionsbescheinigung kunategemea aina iliyotiwa alama: iliyo chini ya aya ya 81 ya sheria ya ukaazi, kifungu cha 4, inakurudisha nchini, iliyo chini ya kifungu cha 3 haikurudishi.